Fatiha ya Tramu

Mwanakheri alibandika vioo kumi na kimoja kwenye nyufa za nyumba saba zinazotazama bahari kule Malindi, jirani na Forodhani, na siku ya mkutano ilipofika, vitatu vilikuwa vimeshakatika.

Kazi yenyewe ukiiona utaidharau. Unachukua kipande cha kioo chembamba, urefu wa kidole, unakibandika kwa saruji kukatisha ufa, ncha moja huku na ncha nyingine kule, kisha unaandika tarehe pembeni. Ukuta ukiwa umetulia, kioo kitakaa miaka. Ukuta ukisogea, hata kwa unene wa unywele, kioo kinakatika. Hakipokei bahasha wala hakitishwi na mkubwa. Mwanakheri, mkaguzi wa majengo wa serikali, amefanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, akipanda ngazi za watu, akichungulia vyumba vya watu, na hakuna nyumba upande ule ambayo hajanywa chai yake.

Nyumba zile saba zimejengwa kwa mawe na chokaa, bega kwa bega, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Ya tatu ilikuwa ya baba yake, Maalim Mahfoudh. Juu akilala mzee, chini ni chuo cha Kurani, na nusu ya watu wazima wa Malindi wamejifunza alifu na bee kwenye mikeka ile. Mpaka leo watoto thelathini hukaa pale kila jioni. Bamvua likija, bahari ikijaa kupita kawaida, maji hupenya chini ya ukuta wa bahari mpaka chini ya sakafu ya chuo. Huyaoni. Unayasikia tu yakiguna, yakivuta, halafu yakinyamaza, na ukimya ule ndio uliokuwa ukimtisha Mwanakheri kuliko mguno wenyewe.

Sasa ikaja hii habari ya tramu. Ianzie gatini Malindi, ipite mbele ya nyumba hizo saba, ifike Forodhani, izunguke Shangani, iishie Kilimani. Picha zikabandikwa kila pembe: mabehewa meupe, watalii wanacheka, na miti mirefu ambayo tangu lini iliota Malindi, wallahi sijui. Nani angekataa? Watu walishachoka na foleni, wazee wakahadithia lile gari la moshi la Bububu walilosimuliwa na wazee wao, na vijana wakaanza kujipiga picha mahali ambapo hata msumari haujapigwa. Na nalisema hili mapema, maana baadaye walimwita Mwanakheri mpinga maendeleo: mwanamke yule aliitaka tramu. Aliitaka sana. Alichobishia ni namna ya kuilipia.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, serikali ikope, ilipe kidogo kidogo kwa kodi na tozo ya wageni, na kabla ya kulaza chuma hata kimoja zizamishwe nguzo za zege nyuma ya ukuta wa bahari, na misingi ya nyumba ishikizwe. Hiyo miaka sita. Ya pili, apewe mwekezaji. Ajenge kwa fedha zake, miaka miwili amemaliza, naye apewe ardhi ya ufukweni kwa miaka tisini na tisa. Katika njia hiyo nguzo za zege hazimo. Mwekezaji gani atazika fedha mahali ambapo hakuna atakayeziona?

Mwezi mmoja kabla ya mkutano, watu wa mradi walileta gari la kushindilia barabara, lile lenye gurudumu la chuma, likapita mbele ya nyumba zile siku saba mfululizo, eti kujaribu njia. Ndipo vile vioo vitatu vilipokatika. Kimoja kilikuwa juu ya kitanda cha Maalim. Mwanakheri akaandika ripoti ya kurasa tisa, akaipeleka kwa mratibu wa mradi, na mratibu akaipokea kwa mikono miwili, akaitia nyuma kabisa ya makabrasha yake, baada ya orodha ya simu.

Mratibu huyo ni Mansour. Na Mansour si mgeni, ndio uchungu wenyewe. Ni mtoto wa mkeka uleule, amekaa goti kwa goti na Mwanakheri mbele ya bakora ya Maalim, na mpaka anaota mvi alikuwa hamwiti ila "Mwana", kama zamani. Kila Idi, siku ya pili na ya tatu, alikuwa akija na mkungu wa ndizi kumwangalia mwalimu wake. Mtu mwenye adabu zake, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi, asiyepaza sauti. Watu wa namna hiyo, mimi siku hizi nawaogopa.

Mkutano ulikuwa Jumamosi baada ya Alasiri, katika ukumbi mmoja karibu na Forodhani. Ukajaa pomoni, wengine wakasimama madirishani. Mansour akaeleza njia zake mbili kwa upole, na watu wakaanza kuchachamaa.

"Mkopo?" alisema Kificho, mchukuzi wa bandarini, mtu wa mdomo. "Nani atalipa? Mimi na shati hili moja? Mpeni mwekezaji, bwana we, tupande!"

Ukumbi ukaangua kicheko, makofi yakapigwa. Bi Ummkulthum, mjane wa nyumba ya kwanza, anayeuza mikate ya kumimina mlangoni pake, akainuka na ushungi wake.

"Na sisi tuliomo njiani," aliuliza, "mtatupandisha wapi?"

Watu wakacheka tena, lakini kicheko hiki kilikuwa kifupi. Mansour akatabasamu, akasema hakuna nyumba itakayoguswa, tramu itapita mbele tu, kama zinavyopita gari. Kisha akampa Mwanakheri dakika tatu.

Mwanakheri hakuwa msemaji. Akatoa vile vioo vitatu vilivyokatika kutoka kwenye leso yake, akaviinua kimoja kimoja, akasema kila kimoja kilitoka nyumba gani na kilikatika siku gani. Akasema: "Gari moja, siku saba tu. Tramu itapita kila robo saa, kila siku, miaka tisini na tisa. Bila nguzo chini, mie sisemi labda. Mie nasema nyumba zitaanguka, na zitaanguka na watu." Akakaa.

Kificho aliyekuwa akipigiwa makofi akajikuna shingo. "Hee," alisema, na safari hii si kwa kuchekesha. "Kumbe hivyo? Basi na wakope." Mwingine nyuma akasema kweli, wakope, miaka sita si mingi. Minong'ono ikasambaa, na vichwa vikaanza kugeuka kumtazama Maalim Mahfoudh, aliyekaa mstari wa mbele na fimbo yake. Kila mtu alijua akisema Maalim mambo yamekwisha, na kila mtu alijua atasema nini, maana kitanda kilicho chini ya ufa ni chake.

Maalim akainuka. Moyo wa Mwanakheri ukatulia kwa mara ya kwanza mwezi mzima. Tumeshinda, alijiambia.

Lakini Mansour alikuwa ameshashuka jukwaani. Akamwendea mzee, akainama, akambusu mkono mbele ya watu wote.

"Shikamoo, Maalim wangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Maalim, kila nilicho nacho nimekipata kwako," Mansour alisema, kipaza sauti mkononi, na sauti yake ikaingia kila pembe. "Magharibi inatukaribia. Kabla hujatwambia lolote, nakuomba jambo moja. Tusomee Fatiha, mradi huu Mungu aujaalie kheri."

Sasa we msomaji kama si mtu wa huku, nikwambie. Fatiha kwetu haikataliwi. Ndiyo inayosomwa mtoto akizaliwa na mtu akizikwa, na posa ikishakubaliwa inasomwa Fatiha, na hapo msichana ameshaposwa, hakuna tena la kuongeza. Utamkatalia vipi mtu aliyekuomba Fatiha mbele ya watu mia tatu? Utasema nini, kwamba hutaki kheri?

Maalim alimtazama binti yake. Kisha akaitazama ile mikono mia sita iliyokwisha kuinuliwa, ikimngoja yeye, na Mwanakheri akaona kitu ambacho angependa asikione: mzee alinyooka mgongo. Akafunga macho. "Al-Fatiha," akasema.

Ukumbi mzima ukasoma naye. Wakaitikia Amin, wakajipangusa nyuso. Hata Bi Ummkulthum. Hata Mwanakheri, kwa mazoea tu, mkono umeshafika usoni ndipo akashtuka. Na kabla Maalim hajafungua kinywa kusema lile alilosimamia, sinia za halua zilikuwa zimeshaingia, viti vinaburutwa, watu wanapeana mikono, kahawa inamiminwa, na kule madirishani muadhini anaanza. Maalim akabaki amesimama na fimbo yake, kinywa wazi kidogo.

Jumatatu muhtasari ukatoka. Mwanakheri aliusoma amesimama. Mwekezaji amekubaliwa. Maoni yote yamepokelewa. Kikao kimefungwa kwa Fatiha iliyosomwa na Maalim Mahfoudh, mkaazi wa eneo husika, na kuitikiwa na wote.

Akaenda moja kwa moja kwa baba yake, hata kiatu hakuvua vizuri.

"Baba, andika barua. Mistari miwili tu. Sema uliomba dua, hukukubali mradi. Wamesema atakayepinga ana mpaka Ijumaa. Barua yako itafungua kikao upya."

"Sitaandika."

"Baba, wamekufanyia ujanja!"

"Najua." Mzee alikuwa amekaa kitandani, na juu ya kichwa chake ule ufa ulikuwa umefika boriti. "Aliponishika mkono tu nilijua. Nilijua nikisoma watu watafahamu nini. Nikasoma. Nilifurahi, Mwanakheri. Mtoto niliyemfundisha mimi, mkubwa vile, ananibusu mkono mbele ya mji mzima. Nilifurahi kama mtoto mdogo. Sasa niende nikaandike kuwa nilimwomba Mungu mbele ya watu na moyoni nilikuwa nataka jingine? Nimeshalivaa, nitalivaa."

Alimwomba, alilia, alimkasirikia. Akamwambia maneno ambayo binti hamwambii baba yake, kisha akamwomba radhi. Ijumaa ikapita.

Wiki ya pili yake gari la kushindilia likarudi, na safari hii halikuja kujaribu. Lilikuwa bamvua kubwa. Mwanakheri alikuwa chuoni, ameinama anabandika kioo kipya, na watoto nyuma yake wanasoma kwa sauti zao zote. Gari likapita nje. Sakafu ikatetema, maji chini yakaguna, na mara pale pale machoni pake kioo kikakatika, saruji yake haijakauka. Alipogeuka, chokaa ilikuwa imewanyeshea watoto wote vichwani, weupe kama waliopakwa unga, nao wanacheka, wanapulizana. Maalim hakucheka. Alikuwa anatazama juu.

"Watoe, baba."

"Wakimaliza sura."

"Watoe sasa hivi!"

Akawatoa. Lakini kesho yake jioni walikuwa wamerudi. Wazazi waliwaleta, maana Maalim hakusema kitu, na Maalim hakusema kitu maana atamwambia nini mzazi? Kwamba lile aliloliombea kheri linawaangushia dari watoto wake? Mwanakheri aliwahesabu kutoka ng'ambo ya barabara wakiingia mlango mmoja mmoja na juzuu zao. Thelathini na mmoja. Ameongezeka mmoja.

Siku ya pili yake, kabla ya wakati wa chuo, akaenda ofisini kwa Mansour. Hakusalimu.

"Lisimamishe gari."

"Kaa, Mwana."

"Lisimamishe mpaka mzamishe nguzo. Nakuomba. Unataka nipige magoti? Nitapiga."

"Astaghafirullah, usinambie hivyo." Mansour alionekana kusikitika kweli, na hilo ndilo lililomtia Mwanakheri baridi. "Nguzo hazimo kwenye mkataba. Mwekezaji hatoi, serikali haina. Mie siwezi kulisimamisha hata kwa siku moja. Lakini kuna jambo unaliweza wewe."

Akafungua mtoto wa meza. Karatasi ilikuwa tayari imeshapigwa chapa. Cheti cha jengo la hatari. Mkaguzi akikitia saini, waliomo wanatoka ndani ya siku tatu tangu kupata barua, wanalipiwa kodi ya mwaka mzima mahali pengine, na jengo linabomolewa lijengwe upya kwa sura ile ile.

"Lijengwe upya liwe la nani?" Mwanakheri aliuliza.

"La mradi. Hoteli, nadhani. Nyumba ikishaondoka, ardhi ni ya mwekezaji, unajua."

Akasoma. Jina la baba yake lilikuwa la tatu katika orodha. Majina yalikuwa saba.

"Mie natia saini ya nyumba moja. Ile yenye watoto."

"Haiwezekani, Mwana." Mansour akaivuta ile ripoti ya kurasa tisa, na safari hii haikuwa nyuma ya orodha ya simu, ilikuwa juu kabisa, imewekewa alama. "Ukurasa wa nne. Umeandika mwenyewe: nyumba hizi zinaegemeana, ikiondolewa moja, sita zilizobaki hazitasimama. Mie nimeisoma yote. Nimeisoma zaidi ya mara moja. Ni ripoti nzuri sana."

Mwanakheri alielewa wakati ule kila kitu, na kuelewa hakukumfaa kwa lolote. Ofisi nzima ya wakaguzi haikuwa na mtu mwingine ambaye saini yake ingeaminiwa na watu wa zile nyumba. Walikuwa wakimngoja yeye tangu mwanzo, tangu gari lile lilipopita mara ya kwanza. Aliitazama saa ya ukutani. Saa kumi kasorobo. Saa kumi na nusu watoto wanaingia, na bamvua halijaisha.

"Leo," alisema. "Watoke leo. Chuo kifungwe leo, kabla ya kumi na nusu."

"Leo," Mansour akaitikia, akampa kalamu.

Chuo kikafungwa jioni ile kwa kufuli. Siku ya tatu gari jeupe la Mansour lilisimama mbele ya nyumba. Maalim Mahfoudh alikuwa anahamia kwa Mansour, Mbweni, chumba cha chini kisicho na ngazi. Mansour mwenyewe alibeba misahafu, akiikumbatia kifuani, hakumwachia dereva. Mwanakheri alitaka kuchukua mkoba wa nguo, baba yake akaushika.

"Baba, njoo kwangu. Nimeshakutandikia."

"Mansour ameniomba mbele ya watu nihamie kwake, nimemkubalia."

"Mansour ndiye aliyekutoa kwako!"

Mzee alimtazama, bila ya hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Mansour aliniomba dua," alisema. "Aliyenitoa kwangu ni wewe."

"Ungekufa, baba. Wangekufa watoto."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana sikukulaani."

Akaingia garini. Mansour akamfungia mlango taratibu, akamwinamia Mwanakheri kwa heshima, wakaenda zao.

Barua za kuhama zilikuwa zitoke kesho. Alama ya kubomolewa, ya kupakwa kila mlango, ilitakiwa leo, na kwa mujibu wa cheti, anayetia alama ni mkaguzi aliyesaini. Mwanakheri akalichukua kopo la rangi nyekundu, bado halijafunguliwa, na brashi, akaanza na nyumba ya kwanza. Bi Ummkulthum alitoka na mikono yake ya unga. Miaka kumi na tisa amemwona Mwanakheri akija mlangoni pake na makopo na brashi, na uso wake ukakunjuka.

"Alhamdulillahi. Nlijua hutatusahau. Nliwaambia wenzangu, maadamu yumo mtoto wa Maalim mle ofisini, sisi hatuna khofu. Ndio wanakuja kututengenezea?"

Mwanakheri aliutazama mlango. Alama inatakiwa juu ya mlango, ionekane kutoka barabarani, na yeye hafiki.

"Hufiki, eti?" Bi Ummkulthum akaingia ndani, akatoka na kiti chake cha kukalia akipika, akakiweka sawa kwenye kizingiti. Akakishika kwa mikono miwili.

"Panda, mwanangu," alisema. "Usiogope, nimekushikia."

Mwanakheri akapanda.